Shule Hufundisha Hata Yasiyoandikwa Ubaoni

Mwulize mzazi kwa nini anampeleka mwanawe shule, atakujibu: asome, apate kazi. Ni kweli, lakini kwa mtazamo wa sosholojia, yaani taaluma inayochunguza jamii, jibu hilo halijamaliza. Mtoto anapopanga mstari, anaponyoosha mkono kabla ya kusema, anapokaa dawati moja na mwenzake wa dini nyingine, yumo katika somo ambalo halimo kwenye ratiba. Wanasosholojia huliita mtaala uliofichika. Mara nyingi hilo ndilo hubaki hata baada ya kanuni za hesabu kusahaulika.

Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim, aliyeanza kuwafundisha walimu huko Bordeaux mwaka 1887, aliiona elimu kuwa kazi ya watu wazima ya kukiandaa kizazi kichanga kuishi na wenzao. Baadaye, mwaka 1959, Mmarekani Talcott Parsons alieleza kwamba shule humvusha mtoto kutoka kwenye familia kwenda kwenye jamii pana. Nyumbani anapendwa kwa kuwa ni mtoto wa fulani. Darasani anapimwa kwa mizani ileile wanayopimiwa wengine wote.

Hapo kwenye mizani ndipo penye mjadala, nami sikubaliani kabisa na Parsons. Mwaka 1966, utafiti mkubwa ulioongozwa na James Coleman nchini Marekani ulionyesha kuwa hali ya familia anakotoka mwanafunzi ilihusiana zaidi na matokeo yake kuliko majengo na vifaa vya shule. Kwa nini iwe hivyo? Mwanasosholojia Mfaransa Pierre Bourdieu alijibu kwa dhana ya mtaji wa kitamaduni: lugha, vitabu, mazoea ya kuhojiana na watu wazima, vitu ambavyo mtoto huvirithi nyumbani bila yeyote kumkabidhi rasmi.

Chukua watoto wawili wa darasa moja. Mwalimu anauliza swali. Wa kwanza anaongea nyumbani lugha ileile ya kitabu, kwa hiyo anajibu papo hapo. Wa pili analisikia, analitafsiri kichwani, analipata jibu, kisha analitafutia maneno. Kabla hajafungua mdomo, mwalimu amekwisha kuendelea. Mwisho wa muhula, wa kwanza anaitwa mwerevu na wa pili mzito, ingawa jibu wote walikuwa nalo. Jina hilo la pili likirudiwa sana, mtoto mwenyewe huliamini. Kwangu hili ndilo dhara kubwa kuliko yote: tofauti iliyoanzia katika maisha ya familia inageuka kuwa tofauti ya akili, na hata mzazi anaikubali.

Shule haikuumba matabaka, na peke yake haiwezi kuyafuta. Ila kuna mambo yaliyo mikononi mwa mwalimu leo hii. Mtafiti Mary Budd Rowe, katika miaka ya 1970, alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta kwa kawaida ni takriban sekunde 1 tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi waliohesabiwa kuwa dhaifu wakaanza kuchangia zaidi.