Kabla hujang'oa chipu ya pedali yako, angalia kapasita

Wapiga gitaa wanaoniletea pedali za ovadraivu, vile visanduku vya mguuni vinavyoikwaruza sauti ya gitaa, huja na ombi lilelile: nitoe chipu iliyomo, niweke JRC4558D ya zamani, eti ndipo pedali itaimba. Huwa nawaambia wasubiri kwanza. Chipu hiyo ni nzuri, lakini haina uchawi. Kwenye pedali ya aina hii, sauti inaamuliwa zaidi na vidude vidogo vilivyoizunguka, ambavyo hakuna anayevisifia.

Chukua Tube Screamer ya Ibanez, maana ovadraivu nyingi zilizopo leo zimezaliwa na saketi yake. Chipu inakuza sauti. Kwenye njia inayorudisha sehemu ya sauti hiyo nyuma kuna diodi mbili zilizopeana migongo. Sauti ikizidi kiwango fulani diodi zinafunguka, na vilele vya wimbi vinabanwa. Kule kukwaruza unakokusikia kunatoka hapo.

Sasa tazama pembeni: kuna rezista (kidude kinachozuia umeme) ya kiloohm 4.7 na kapasita (kidude kinachohifadhi chaji) ya nanofaradi 47, zimefuatana kuelekea athi, yaani ardhi ya saketi. Hizi mbili ndizo zinazoamua nini kikuzwe na nini kiachwe. Gawanya 1 kwa 2π mara rezista mara kapasita, utapata mpaka wa kama Hz 720, yaani mitetemo 720 kwa sekunde. Masafa ya juu ya hapo yanakuzwa kwa nguvu zote. Kitufe cha draivu kikiwa mwisho, hesabu ya karatasi inakupa karibu mara 118. Chini ya hapo ukuzaji unapungua kadiri unavyoshuka. Uzi mnene, ile E ya chini, una masafa ya Hz 82, na hapo ukuzaji ni mara 13 tu. Kwa hiyo besi inafika kwenye diodi ikiwa mnyonge, na katikati ndiko kunakoungua. Ndiyo maana watu wanasema pedali hii "inakula besi", na ndiyo maana hiyohiyo inapendwa mbele ya amplifaya ambayo tayari inanguruma: inaisafisha chini kabla haijaingia.

Ukitaka tumbo zaidi, weka kapasita ya nanofaradi 100. Mpaka unashuka hadi karibu Hz 340. Bana nyuzi kwa kiganja karibu na daraja la gitaa, piga uzi mnene, utausikia umenenepa papo hapo. Kwa gitaa lenye pikapu (vinasa mtetemo wa nyuzi) nyembamba za koili moja, mimi huishia hapa mara nyingi. Ukipanda hadi 220, mpaka unafika kama Hz 154, na hapo wengi hufurahi kwa dakika tano, kisha wanapiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya nyuzi nne na kusikia uji. Kuna sababu. Noti mbili zikibanwa pamoja na diodi, zinazaa sauti mpya zenye masafa yanayopatikana kwa kujumlisha na kutoa masafa yao na vizidishi vyake. Zile za kutoa mara nyingi zinaangukia chini, na nyingi hazina uhusiano wowote na kodi uliyoipiga. Ukiruhusu besi nyingi iingie kabla ya diodi, umeziita mwenyewe. Besi ukiitaka, iongeze baada ya kubanwa, kwenye amplifaya.

Usilehemu kapasita mpya moja kwa moja. Pasha moto mguu wa ile ya zamani, nyonya risasi kwa utambi wa shaba, na mguu ukilegea ndipo uvute. Ukilazimisha, utang'oa na njia ya shaba ya bodi. Kisha lehemu soketi ndogo ya pini mbili mahali pake. Sasa unaweza kuchomeka 47, 68, 100, huku gitaa likiwa limeunganishwa, ukasikiliza bila kugusa moto tena. Ukimaliza kuchagua, ndipo ulehemu. (Pedali ni volti 9, haina hatari kwa vidole. Amplifaya ya vali ni jambo lingine kabisa: ina volti mamia, na kapasita zake hubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa.)

Diodi nazo zina wapenzi wake. Silikoni hufunguka kwenye volti 0.6 hivi, jemaniamu kwenye 0.3, taa nyekundu ya LED karibu 1.7. Ukiweka LED, sauti inabanwa kidogo na kutoka kubwa zaidi, na hapo ndipo masikio yanapodanganywa: chenye sauti kubwa huonekana kizuri. Punguza volyumu hadi zilingane, geuka upande mwingine, mwombe mtu akubadilishie bila kukwambia ni ipi. Sifa nyingi za diodi hufa kwenye jaribio hilo. Hata tofauti inayobishaniwa sana, ya matoleo mawili ya Tube Screamer, TS808 na TS9 ya 1982, ukiacha chipu ni rezista mbili tu za mwisho, sauti inapotokea: ohm 100 na kiloohm 10 kwa ya kwanza, ohm 470 na kiloohm 100 kwa ya pili.

Zipo pedali ambazo kiungo chenye jina kina kazi kweli. Rat ya ProCo ilijengwa kwa chipu ya LM308, ambayo ni goigoi: volteji yake ya kutoka hupanda kwa kama volti 0.3 tu kwa mikrosekunde. Ukiisukuma sana haiwahi kulifuata wimbi, na kingo kali zinalainika. Chipu ya kasi haitakupa hilo.

Fuzz Face nayo, iliyotoka 1966 na transista za jemaniamu. Transista mbili za namba ileile zinaweza kutofautiana kabisa, na joto la jukwaani linazibadilisha tena, hadi noti inakatika kabla haijafa yenyewe. Kwa hizo, naipima kila moja kwa mita, nijue inavuja umeme kiasi gani na inakuza kiasi gani. Halafu naweka rezista ya kurekebishika kwenye kolekta (mmoja wa miguu mitatu) ya transista ya pili, naizungusha hadi mita isome volti 4.5 hivi, na kuanzia hapo natumia sikio.