Hesabu za reli Ulaya: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Dhana inayonichosha kuliko zote ni hii, eti nchi zikishakubaliana namna moja ya kupima kama faida ya mradi wa reli inazidi gharama zake basi majibu yatafanana. Wapi! Mwaka 2005 Tume ya Ulaya na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya walitoa mwongozo wa pamoja unaitwa RAILPAG, mwaka uliofuata mradi wa utafiti wa HEATCO ukatoa thamani, kwa pesa, ya saa moja ya msafiri nchi kwa nchi, na hazilingani, kwa sababu mishahara nayo hailingani. Kinachotakiwa kufanana ni vitu gani vinaingia kwenye hesabu, vipi vinaachwa, na kitu kimoja kisihesabiwe mara mbili.

Nyingine, kwamba ukiwa na mwongozo mzuri makadirio nayo yatanyooka. Hamna, mwongozo haujui kama aliyetabiri abiria alikuwa anaota. Mtafiti Flyvbjerg na wenzake walipitia miradi ya reli wakakuta gharama zilizidi makadirio kwa wastani wa asilimia 45 hivi, halafu abiria waliokuja ni kama nusu ya waliotabiriwa.

Halafu kuna wanaoona kile kiwango cha kupunguza thamani ya pesa ya baadae ni kiufundi tu, waachiwe wahasibu. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya (EU) wa 2014 uliweka asilimia 5 kwa mwaka kwa nchi zinazopata mfuko wa mshikamano, yaani zile zenye kipato cha chini, na 3 kwa zingine. Sasa chukua faida ya euro 100 itakayokuja baada ya miaka 30: kwa 3 leo inahesabika kama euro 41, kwa 5 ni 23 tu. Reli ileile, mataruma yaleyale, na upande mmoja wa mpaka inaonekana karibu mara mbili ya upande wa pili.

Na ile kwamba hesabu ndo inaamua, hapo nenda kwenye reli ya Lyon–Turin, kati ya Ufaransa na Italia, yenye handaki la kilomita 57.5 chini ya milima ya Alps. Februari 2019 Italia ilitoa uchambuzi wa faida na gharama wa kamati ya Marco Ponti, ukaonyesha hasara karibu euro bilioni 7, na katika wanakamati sita mmoja aligoma kusaini. Ugomvi mkubwa ulikuwa ushuru wa mafuta: malori yakihamia kwenye treni serikali inaukosa, kamati ikauweka kama hasara, wakosoaji wakasema jamani hiyo pesa haijapotea, imebaki mfukoni kwa mwenye lori. Kwenye jedwali la RAILPAG kila mhusika ana safu yake, ungeiona hasi kwa serikali na chanya kwa mwenye lori, basi watu wangebishana wakiwa wanaangalia kitu kimoja (mimi naona hilo jedwali pekee linatosha kuwa sababu ya kuwa na mwongozo). Anyway Julai mwaka huohuo Conte, waziri mkuu wa Italia wakati huo, akatangaza mradi unaendelea, eti kuusimamisha kutagharimu zaidi kuliko kuumaliza.