Densiti ya godoro: kipimo ambacho muuzaji hakitaji

Ukiingia duka la magodoro, liwe la Kariakoo au la katikati ya Nairobi, utaulizwa mambo mawili. La kwanza ni saizi: tano kwa sita au sita kwa sita? La pili ni unene: inchi sita, nane au kumi? Ukishajibu, unatajiwa bei na mazungumzo ya kupunguziwa yanaanza. Jambo la tatu, ambalo ndilo litakaloamua kama mwakani utakuwa bado unalala juu ya godoro au ndani ya shimo, kwa kawaida halitajwi mpaka uliulize mwenyewe. Hilo ndilo densiti.

Densiti ni uzito wa sponji ukilinganishwa na ujazo wake, yaani kilo ngapi zimo katika mita moja ya ujazo. Mchemraba wa sponji wenye mita moja kila upande ukiwa na kilo 20, hiyo ni densiti 20. Ukiwa na kilo 30, ni densiti 30. Malighafi yenyewe, poliyurethani, ikiwa haina mapovu ina takriban kilo 1,200 kwa mita ya ujazo. Piga hesabu: katika godoro la densiti 20, kitu chenyewe hakifiki asilimia 2. Kilichobaki ni hewa. Kwa hiyo godoro la densiti 30 lina malighafi mara moja na nusu ya lile la densiti 20, hata kama yote mawili yana saizi moja, kava la maua yaleyale na yamepangwa pamoja dukani.

Poliyurethani ilibuniwa Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake mjini Leverkusen, na sponji laini za kulalia zikaja miaka ya 1950. Kiwandani, kemikali mbili kuu, polioli na isosayaneti, huchanganywa pamoja na maji. Isosayaneti ikikutana na maji hutoa gesi ya kaboni dioksidi, mchanganyiko unaumuka kama unga wa maandazi, kisha unaganda na kuwa gogo kubwa la sponji ambalo hukatwa kwa misumeno mirefu. Maji yakiongezwa, gesi inaongezeka, sponji inaumuka zaidi, na pipa lilelile la kemikali linatoa magodoro mengi zaidi. Hapo ndipo magodoro ya bei rahisi yanapozaliwa. Si lazima yawe feki. Ni sponji halali kabisa, ila imeumuliwa mno.

Sasa tazama mtego wa unene. Chukua magodoro mawili ya sita kwa sita. La kwanza lina inchi kumi na densiti 16. Ujazo wake ni mita za ujazo 0.85 hivi, kwa hiyo sponji yake ina uzito wa karibu kilo 13 na nusu. La pili lina inchi sita tu, lakini densiti ni 28. Ujazo wake ni mita 0.51, na uzito ni kilo 14 na kidogo. Malighafi ni karibu sawa, na bei ya kiwandani haiwezi kupishana sana. Ila dukani lile la inchi kumi linajaza macho. Linanyanyua kitanda, shuka inakaa vizuri, na mgeni akichungulia chumbani anaona mambo. Ukiniuliza mimi, mwenye bajeti ndogo na kitanda kikubwa achukue la inchi sita bila kusita, kwa sababu la kumi litashuka lenyewe.

Kwa nini linashuka? Sponji ni mtandao wa vijiti vyembamba sana vya plastiki vinavyozunguka matundu ya hewa. Densiti ikiwa ndogo, vijiti ni vyembamba zaidi au vichache. Kila usiku vinapinda, joto na jasho la mwili vinavilainisha, na vingine vinakatika. Mwili nao haulali kwa uzito sawa kila sehemu: nyonga ndizo zinazobeba mzigo mkubwa, na anayelala ubavu anaukusanya zaidi kwenye bega na nyonga moja. Kwenye kitanda cha watu wawili unapata mabonde mawili na kilima katikati, na hapo anayegeuka usiku hujikuta anateremka. Sponji yoyote hulainika kidogo wiki za mwanzo, hiyo ni kawaida. Kubonyea kusikorudi ni jambo jingine, na ndiko densiti inakokuzuia.

Sehemu inayowachanganya wengi ni tofauti ya densiti na ugumu. Mteja anabonyeza godoro kwa kiganja, anaona linakataa, anasema "hili ni zito". Hapana. Kiganja kimepima ugumu tu. Kiwanda kinaweza kutengeneza sponji nyepesi lakini ngumu kwa kubadili mchanganyiko wa kemikali, na kinaweza kutengeneza sponji nzito lakini laini. Ugumu una kipimo chake maabara: sahani ya duara yenye kipenyo cha sentimita 20 hivi inakandamizwa mpaka sponji ishuke robo ya unene wake, na nguvu iliyotumika inaandikwa. Kisha inakandamizwa mpaka ishuke asilimia 65. Sponji inayofaa kulalia inapaswa kudai nguvu mara mbili au zaidi katika hatua hiyo ya pili. Maana yake juu inakupokea, lakini ukizama kidogo inakukatalia.

Ugumu ni suala la mwili wako na namna unavyolala. Mnene na anayelala chali wengi hupenda gumu kidogo. Mwembamba anayelala ubavu atalalamika bega juu ya godoro hilohilo. Densiti haina upendeleo wa namna hiyo, inahusu miaka mingapi ugumu ulioupenda dukani utabaki ulivyo. Ndiyo maana godoro jepesi lenye ugumu wa kulazimisha ndilo linalouma zaidi: siku ya kununua ni zuri kuliko yote, halafu linaporomoka haraka.

Namba za kushika kichwani si nyingi. Chini ya 18, weka chumba cha wageni wasiokaa, au kitanda cha mtoto mdogo. Kati ya 20 na 25 inamtosha mtu mzima mmoja mwenye uzito wa wastani. Kwa watu wawili wanaolala kila siku, au mtu mmoja mwenye mwili mkubwa, anza kuangalia 28 kwenda juu. Godoro kubwa karibu kila mara ni la watu wawili, kwa hiyo saizi yenyewe inakusukuma kwenye densiti ya juu, na hapo ndipo bajeti inapokaza.

Tatizo ni kwamba lebo haziongei lugha moja. Wengine huandika HD, "heavy duty" au "high density" bila namba yoyote, na maneno hayo peke yake hayakuambii kitu. HD ya kiwanda kimoja inaweza kuwa ya kati kwa jirani yake. Magodoro mengine kutoka nje huandikwa D25 au D32, na hiyo ni kilo kwa mita ya ujazo moja kwa moja. Ya Marekani hupimwa kwa ratili kwa futi ya ujazo. Zidisha kwa 16 upate kipimo chetu, kwa hiyo 1.8 yao ni kama 29. Alama ya ubora ya TBS au KEBS ni ya kuitafuta pia, ila alama inasema godoro limefikia kiwango, haisemi kwamba linakufaa wewe na mwenzako.

Muuzaji akishindwa kukupa namba, mizani itakupa. Zidisha upana kwa urefu, vyote kwa futi, kisha zidisha kwa unene kwa inchi, halafu gawa kwa 424. Jibu ni mita za ujazo. Sita kwa sita ya inchi nane ni 288 gawa kwa 424, yaani 0.68. Ukigawa uzito wa godoro kwa namba hiyo umepata densiti. Godoro hilo likiwa na kilo 12, ni densiti 18 tu. Kilo 16 ni densiti 23 au 24, kilo 19 ni 28, na karibu kilo 22 ni 32. Kava nalo lina uzito wake, kwa hiyo punguza kidogo, na punguza zaidi kama limeshonwa na kujazwa. Wauzaji wengi hawana mizani, lakini mwenye duka la nafaka jirani anayo, na godoro lililokunjwa na kufungwa kamba linapandishwa bila shida. Utaonekana msumbufu. Vumilia.

Mizani nayo inaweza kudanganywa. Baadhi ya viwanda huchanganya unga wa chokaa kwenye sponji ili iongezeke uzito, na unga huo hauongezi nguvu yoyote. Fungua zipu ya kava kama ipo, finya ukingo wa sponji na uuvute. Ikikatika kirahisi, ikiacha vumbi vidoleni, au ikirudi polepole kana kwamba imechoka wakati bado ni mpya, uzito wake si wa kuamini. Rangi isikushughulishe. Sponji hutiwa rangi yoyote, na ile nyeupe kugeuka njano kwa sababu ya mwanga hakumaanishi imeoza.

Basi pesa ipunguzwe wapi? Anza na kava. Kava la kushonwa kwa nakshi, lenye tabaka jembamba la sponji juu, linapendeza na linapandisha bei, lakini halibebi mgongo. Kava la kawaida lenye zipu unaweza kulifua. Kisha punguza unene: inchi nane badala ya kumi, au sita badala ya nane. Usishuke hadi nne kama ni watu wazima wawili, kwa sababu hapo hata sponji nzito inakandamizwa mpaka unasikia chaga. Halafu punguza saizi yenyewe, jambo ambalo watu hawalipendi. Sita kwa sita ina futi za mraba 36, tano kwa sita ina 30. Ni tofauti ya sehemu moja katika sita, na mara nyingi inatosha kukupandisha kutoka densiti ya kati hadi ya juu kwa pesa ileile. Najua hadhi ya sita kwa sita mitaani kwetu, na utani unaoandamana nayo, lakini wanandoa wenye miili ya kawaida hulala vizuri kwenye tano kwa sita.

Kama sita kwa sita ni lazima, iko njia isiyozungumzwa sana: nunua mawili ya tatu kwa sita, yenye unene mmoja, uyaweke pamoja. Yanapita kwenye ngazi nyembamba, kila mmoja anachagua ugumu wake, na upande mmoja ukichoka unabadilisha huo tu. Hasara ni ule mwanya wa katikati, unaopungua ukiyafunika yote kwa shuka moja ya kubana.

Neno "othopediki" lisikutishe wala lisikuvute. Mara nyingi ndani yake ni mabaki ya sponji yaliyosagwa, yakatiwa gundi na kushindiliwa upya. Densiti yake ni kubwa sana, 60 na zaidi, kwa hiyo halibonyei upesi, lakini ni gumu hasa, na namba yake usiilinganishe na ya sponji ya kawaida. Springi za bei ya chini siziungi mkono. Kwa pesa hiyohiyo sponji nzuri inadumu zaidi. Godoro la sufi bado lina wapenzi wake. Hulala likawa bapa, ila unaweza kulianika, kulifumua na kuongeza sufi, kitu ambacho sponji iliyochoka haikubali.

Siku ya kuchukua, nenda na tepu. Lebo nyingi za Kenya huandika 75x60x8 kwa inchi, na hiyo ndiyo tano kwa sita ya mitaani, yenye inchi tatu za ziada kwenye urefu. Fundi aliyekuchongea kitanda kwa futi sita kamili hakulijua hilo. Pima unene pembeni na katikati. Lala juu yake dakika kadhaa, kwa mkao wako wa usiku, badala ya kuketi ukingoni na kurukaruka.

Nyumbani, angalia chaga kwanza. Mwanya kati ya mbao ukizidi upana wa vidole vinne, sponji inaanza kuzama humo na utalilaumu godoro bure. Vua nailoni ya dukani. Inashika jasho na joto, na Dar au Mombasa hilo linaonekana ndani ya wiki. Kama kuna mtoto anayekojoa kitandani, weka mpira wa kulalia unaoweza kufutwa. Kisha geuza godoro kila baada ya miezi michache. Tano kwa sita ina mikao minne, juu na chini, kichwani na miguuni. Sita kwa sita iliyo mraba kamili unaweza pia kuizungusha robo, kwa hiyo ina mikao minane, isipokuwa lebo yake ikisema 75x72.