Taa za ziada kwenye Land Rover Series III: usisahau njia ya kurudi

Taa mbili za ziada za wati 55 zikifungwa vizuri humulika barabara hadi mbali kabisa. Zikifungwa ovyo zinawaka kama koroboi, na mwenye gari anakwenda kununua balbu za wati 100 akidhani ndiyo dawa. Mara nyingi balbu haina kosa. Umeme unapotea njiani, na kwenye Series III unapotea zaidi wakati wa kurudi kwenye betri kuliko wakati wa kwenda kwenye taa.

Sababu yake iko kwenye bodi. Madigadi na mapaja ya gari hili ni ya Birmabright, aluminiamu iliyochanganywa na magnesiamu. Ukifunga athi ya taa (waya unaorudisha umeme kwenye betri) kwa bolti ya chuma kwenye bati hilo, mwanzoni inafanya kazi. Kisha mvua na vumbi vinaingia, metali mbili tofauti zinaanza kulana, na chini ya washa (kile kipete cha chuma cha bolti) unajitokeza unga mweupe. Unga huo haupitishi umeme. Dalili yake ni rahisi kuitambua: taa zinafifia, ukigonga digadi zinapata nguvu kidogo, na wakati mwingine ukiwasha indiketa taa ndogo nayo inachezacheza kwa sababu umeme unatafuta njia nyingine ya kurudi. Kwa hiyo sifungi athi ya taa kwenye bati. Navuta waya mweusi wa unene uleule wa waya wa kwenda, kutoka kila taa hadi kwenye bolti ya chesi iliyosuguliwa kwa msasa mpaka chuma king'ae, au moja kwa moja hadi hasi ya betri. Ukishakaza, paka vaselini juu ya lagi, kile kichwa cha chuma kinachobanwa kwenye ncha ya waya. Bampa ni ya chuma, lakini kati yake na chesi kuna rangi na kutu, usiitegemee.

Kabla ya kununua chochote, piga hesabu ya alteneta, mashine inayozalisha umeme injini ikizunguka. Series III nyingi zilitoka kiwandani na Lucas 16ACR, ya ampea 34. Taa kubwa mbili za wati 60 zikiwa ful (mwanga wa mbali) zinakula ampea 10. Taa ndogo, za nyuma, za namba na za deshibodi ni kama 2.5. Koili ya injini ya petroli ni kama 4, waipa 3. Hapo umefika karibu 20, unabaki na 14. Jozi ya wati 55 inahitaji ampea 9 na kitu, inaingia. Jozi ya wati 100 inahitaji karibu 17, haiingii. Na kumbuka kwamba ampea 34 zinapatikana injini ikiwa kwenye mzunguko mkubwa tu, si unapopanda mlima polepole usiku huku mvua inanyesha. Gari la kizamani zaidi lenye dainamo ya Lucas C40 lina ampea 22 tu, kwa hilo tafuta taa za LED zinazokula kidogo.

Sasa mambo ya rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Watu huchukua umeme wa taa za ziada kwenye waya wa ful, ule wa buluu wenye mstari mweupe, na kuupeleka moja kwa moja. Kwa kufanya hivyo wanapitisha ampea 19 kwenye swichi ya usukani iliyokusudiwa 10. Swichi inapata joto, plastiki inalainika, na siku moja taa zote zinazimika kwa pamoja ukiwa kwenye kona. Series III kwa kawaida haina hata fyuzi kwenye njia ya taa kubwa, kwa hiyo kitakachoungua ni waya wenyewe. Rilei inaondoa mzigo huo: waya wa ful unabaki na kazi ya kuiamsha tu, na kazi hiyo inataka chini ya robo ya ampea.

Rilei ya kawaida ina miguu minne. Mguu wa 30 unapokea umeme wa chanya ya betri kupitia fyuzi. Wa 87 unakwenda kwenye taa. Wa 86 unapokea ishara kutoka waya wa buluu wenye mstari mweupe, ukipitia swichi ndogo ya deshibodi ili uweze kuzima taa za ziada huku ful ikibaki. Wa 85 unakwenda athi. Hivyo ukipiga dimu kwa anayekuja mbele, taa za ziada zinazimika zenyewe, na ndivyo inavyotakiwa. Waya wa buluu wenye mstari mwekundu ni wa dimu, usiuguse.

Angalia rilei uliyouziwa. Ikiwa na mguu wa tano ulioandikwa 87a, mguu huo una umeme wakati rilei imelala. Ukifunga taa hapo zitawaka usiku kucha gari likiwa limezimwa. Nyingine zina dayodi ndani (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu), na hizo zikigeuzwa 85 na 86 zinapiga shoti. Kwenye Series II za mwanzo, ambazo chanya ndiyo athi, rilei ya dayodi ni ya kuiacha dukani. Hizo za kizamani pia zina ampmita, kipimo cha umeme unaoingia na kutoka kwenye betri. Ukichukua umeme kwenye betri, sindano itaonyesha kwamba betri inachajiwa kumbe ni taa zinakula, kwa hiyo usishangae.

Fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 15 au 20. Waya ulio kabla ya fyuzi hauna mlinzi, na ukisuguana na chuma hakuna kitakachouzima. Kwa jozi ya wati 55 weka fyuzi ya ampea 15, kwa wati 100 weka 25. Ukitumia fyuzi ya kioo ya Lucas, jua kwamba ile iliyoandikwa 35 inabeba ampea 17 tu kwa muda mrefu. 35 ni kiwango cha kukatika.

Waya uwe wa milimita 2.5 za mraba kwa wati 55, na 4 kwa wati 100, wenye nyuzi nyingi nyembamba. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene unakatika kwa mtikisiko. Na usidanganywe na unene wa plastiki: menya ncha, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, rudisha. Lagi zibanwe kwa plaiyasi yake maalumu. Kuunga kwa risasi ya kuyeyusha peke yake kunaufanya waya uwe mkavu, na hukatika pale risasi inapoishia. Kila waya unapopita kwenye tundu la bati, weka raba. Rilei nayo ifungwe miguu ikitazama chini, maji yachuruzike.

Ndani ya taa yenyewe kuna mtego mwingine. Balbu ya H3 ina waya mmoja tu, athi yake inapita kwenye kitako kinachogusa chuma cha taa. Kitako kikishika kutu, waya wako wote mzuri haukusaidii. Kisugue, na usiguse kioo cha balbu kwa vidole, mafuta ya ngozi yanakifanya kipasuke.

Pima kazi yako injini ikiwa inanguruma na taa zote zinawaka. Waya mweusi wa maltimita (kipimo cha umeme) kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye kitako cha taa: isome chini ya volti 0.2. Ikisoma 0.8, athi ni mbovu. Kisha mwekundu kwenye chanya ya betri na mweusi kwenye waya unaoingia kwenye taa: isizidi 0.4. Namba hizi si za urembo. Betri ikiwa na 13.8 na balbu ikapata 12.4, umepoteza asilimia 10 ya volti lakini karibu asilimia 30 ya mwanga.

Kuelekeza taa, simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, mahali tambarare, likiwa na mzigo wake wa kawaida. Ukipakia nyuma, springi zinashuka na pua inainuka. Kitovu cha mwanga kikae sentimita 5 hadi 10 chini ya kimo cha taa. Kwenye ukungu zizime, mwanga wa mbali unakurudia usoni.

Baada ya safari ya kwanza ya barabara ya vumbi, kaza nati zote upya. Kisha washa taa dakika kumi na uguse kishikio cha fyuzi na kila lagi. Ile yenye joto haijabanwa sawasawa, ikate ubane nyingine.