Kabla Gari la Zimamoto Halijafika

Mtaa wowote unaoniita niusaidie kuanzisha kikundi cha kujitolea cha zimamoto, swali la kwanza huwa gari. Tutalipata wapi? Mwenyekiti anauliza, vijana wa bodaboda wanauliza, na hakosekani mzee aliyekwisha kupiga hesabu ya mchango wa kila kaya. Jibu langu halibadiliki: gari tuwaachie Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hizo fedha nunueni ndoo, koleo, filimbi, tochi na mtarimbo wa kung'olea nondo za madirisha, na kinachobaki kilipie chai ya watakaokuja mazoezini.

Nimefanya kazi ya zimamoto hadi kustaafu, na sasa nafundisha vikundi vya mitaa hapa Dodoma na vijiji vya jirani. Nina imani moja ambayo kila mwaka inazidi kukomaa. Moto wa nyumba huamuliwa katika dakika za mwanzo kabisa, na dakika hizo ni za majirani.

Chukua chumba cha kawaida cha kupanga pale Chang'ombe: godoro la sponji, kochi la sponji, pazia, nguo zimetundikwa ukutani. Sponji ikishika moto, moshi wake mweusi hupanda na kujikusanya chini ya dari ukiwa na joto kali. Dakika tatu hadi tano zinatosha joto hilo kupita nyuzi 500, kisha chumba kizima kinalipuka moto kwa mara moja, kuanzia dari hadi sakafu. Baada ya hapo hakuna mtu aliye hai ndani yake. Na hata kabla ya hapo moshi unakuwa umeshaua, kwa sababu una kaboni monoksaidi na sianidi. Mtu aliyelala anaweza asiamke kabisa.

Sasa hesabu upande wa pili. Mtu aone moshi, apige kelele, atafute simu, apige 114, aeleze nyumba iko wapi katika mtaa usio na vibao vya barabara. Askari wapande gari, wapenye katikati ya bajaji na malori. Hata kituo kikiwa bora kuliko vyote, dakika tano zimeshapita. Nchi nyingine ziliona jambo hili zamani. Chile, tangu kikosi chao cha kwanza kilipoundwa Valparaíso mwaka 1851, wazimamoto wake wanajitolea bila mshahara mpaka leo. Ujerumani nayo, miji midogo na vijiji vyake vinawategemea wanaojitolea. Uhaba wa fedha siyo sababu. Mtu wa karibu hufika kwanza, basi.

Kuna lawama ambayo nimeisikia kila mkoa niliofanya kazi: "Gari limekuja halina maji!" Naomba niifafanue vizuri, maana inavunja uhusiano kati ya wananchi na askari, na nimeshuhudia askari wakirushiwa mawe kwa ajili yake. Gari la lita 5,000 linaonekana kubwa sana likiwa limesimama. Ukifungua mpira mmoja unaotoa lita 400 kwa dakika, maji hayo yanakwisha kwa dakika 12 na nusu. Ukifungua miwili, ni dakika sita na kidogo. Gari lilikuja limejaa. Limekauka mbele ya macho yenu, na sasa linaondoka kwenda kutafuta maji huku paa likiendelea kuteketea.

Hapa ndipo kikundi cha mtaa kinapokuwa na thamani kuliko gari la pili. Kila kikundi ninachofundisha kina daftari la maji. Ndani yake mmeandikwa kila nyumba yenye simtanki au kisima cha chini, shule, msikiti, kanisa, nyumba ya wageni, sehemu ya kuoshea magari, pamoja na simu ya mwenye nyumba na ya mtu mwingine mwenye ufunguo. Dodoma ni nchi kavu. Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, na hata katika miezi hiyo hukatika. Kiangazi mitaa mingi inapata maji ya bomba kwa mgao, kwa hiyo tangi lililojaa Jumatatu linaweza kuwa tupu Alhamisi. Daftari linapitiwa kila wiki. Ni kazi inayochosha, haina picha ya kupiga, na ndiyo ninayoipa uzito kuliko kukimbia na ndoo.

Tukija kwenye ndoo zenyewe, watu hujaza lita 20 kisha wanaanza kukimbia. Nusu inamwagika, watu wanagongana, na baada ya dakika chache wamechoka. Tunafundisha mistari miwili: mmoja unapitisha ndoo zilizojaa kwenda motoni, mwingine unarudisha tupu. Ndoo inajazwa nusu, lita 10. Mistari ikishika mwendo na ndoo moja ikafika kila baada ya sekunde nne, hizo ni lita 150 kwa dakika. Watu wanastaajabu wanapoziona zikipimwa kwenye pipa. Kwa moto ambao bado uko chumba kimoja, lita hizo zinaokoa nyumba.

Kabla ya maji, hata hivyo, kuna majukumu manne ambayo kila mwanakikundi lazima ayajue hata akiamshwa usingizini, kwa sababu anayefika kwanza ndiye anayegawa kazi. Mmoja anapiga 114 na habanduki kwenye simu mpaka aambiwe. Mmoja, hasa wa bodaboda, anakwenda kusimama kwenye njia panda ya lami kuliongoza gari. Nimeona gari likizunguka mitaa mitatu huku moto ukionekana angani, kwa kukosa tu mtu wa kulielekeza. Mmoja anazima meni swichi, na kama haifikiki anahakikisha hakuna anayemwaga maji mpaka umeme ukatwe. Wa nne anahesabu watu.

Huyu wa kuhesabu nitamsemea zaidi. Katika vikundi vyangu karibu wote ni akina mama, na nimewachagua kwa makusudi. Nyumba ya kupanga yenye vyumba vinane ina watu ambao mwenye nyumba mwenyewe hawafahamu wote: wanafunzi wa chuo, fundi aliyekuja kwenye ujenzi kule Mtumba, mdogo wa mtu aliyefika jana kutoka Kondoa. Mama anayeuza vitafunwa pale nje anajua nani amelala mchana kwa sababu ni mlinzi wa usiku, na nani huwafungia watoto ndani anapokwenda sokoni. Askari akishuka kwenye gari, swali lake la kwanza ni kama kuna mtu ndani. Mama akimjibu, "Afande, wote wametoka isipokuwa kijana wa chumba cha mwisho kushoto, na dirisha lake lina nondo," amempa askari kitu ambacho hakuna mtambo utakaompa. Bila jibu hilo askari wataingia kila chumba, na kila chumba kina hatari yake.

Kuingia ndani ya nyumba inayowaka ni kazi ya askari mwenye mtungi wa hewa mgongoni. Nalisema hili kila mazoezi, kwa sauti, na vijana huwa hawalipendi. Mwanakikundi anavunja dirisha na kung'oa nondo akiwa nje, anaita kwa jina, anamwelekeza aliye ndani atambae chini ambako moshi ni mwepesi. Haingii. Na askari wakishafika, amri ni yao. Zamani huduma hii ilikuwa chini ya halmashauri. Sheria ya mwaka 2007 ndiyo iliyoipeleka chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani na kuifanya jeshi kamili. Kikundi cha mtaa hakina mamlaka ya kushindana nalo, wala hakihitaji.

Gesi sasa inachukua sehemu kubwa ya mafunzo yangu. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Naliunga mkono kabisa. Misitu yetu ya Chemba na Kondoa imekatwa mkaa vya kutosha. Lakini mitungi imeingia kwenye nyumba nyingi haraka kuliko maarifa ya kuitumia. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hulala sakafuni na kutambaa hadi chumba cha pili. Kufungua dirisha la juu peke yake hakutoshi; fungua milango, itoke kwa chini. Usiguse swichi ya taa, iwe kuwasha au kuzima. Uvujaji unatafutwa kwa povu la sabuni kwenye regyuleta na mpira, kamwe siyo kwa kiberiti. Na mtungi ukiwa unawaka mdomoni, usiupulizie wala kuumwagia maji ili uzime huku gesi ikiendelea kutoka, maana gesi hiyo itajikusanya na kulipuka. Funga koki kama unaifikia ukiwa umezungushia mkono kitambaa kilicholowa. Kama huifikii, ondoa watu wote na mwache askari aupooze kwa maji akiwa mbali.

Wauza chipsi nao wanahitaji darasa lao. Karai la mafuta likishika moto, kikombe kimoja cha maji kinatosha kuurusha moto hadi kwenye bati na usoni mwa mpishi. Zima jiko, funika karai kwa sinia au mfuniko, liache lipoe. Kila kibanda cha chipsi kiwe na mfuniko unaolingana na karai lake, basi. Na aliyeungua apozwe kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta, unga na yai viachwe jikoni.

Vijijini mambo ni tofauti. Kule Bahi, Chamwino au Kongwa nyumba zimeachana, na tembe lenye paa la udongo halishiki moto kirahisi kama nyumba ya nyasi. Hatari iko nje: watu wanaposafisha mashamba mwishoni mwa kiangazi, nyasi zimekauka, upepo unavuma mchana kutwa. Moto wa kusafishia ekari moja unavuka mpaka, unakula malisho ya kijiji, unaingia kwenye mizabibu ya mtu aliyeitunza kwa miaka. Kikundi cha kijiji kinafanya kazi mbili. Ya kwanza ni kukubaliana na mwenyekiti wa kijiji kwamba anayetaka kuchoma atoe taarifa, achome asubuhi mapema upepo ukiwa umetulia, na awe amelima ukanda mtupu kuzunguka shamba lote. Ya pili ni kuukabili moto uliotoroka kwa matawi mabichi, majembe na koleo za mchanga. Unaanzia sehemu iliyokwisha kuungua, unaufuata ubavuni, upepo ukiwa mgongoni. Anayesimama mbele yake, hasa kwenye mwinuko, anajitafutia kifo, kwa kuwa moto unapanda kilima kwa kasi kuliko unavyotambaa tambarare.

Vikundi vilivyo kando ya barabara kuu, kuanzia Kibaigwa hadi njia ya Singida, vina jukumu jingine ambalo silifanyii mzaha. Malori ya mafuta yanapita hapo mchana na usiku kuelekea Rwanda, Burundi na Kongo. Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka. Waliofariki walizidi 100. Lori likianguka, kazi ya kikundi haina uhusiano na kuzima: ni kuwaweka watu mbali, kusimamisha pikipiki zisipite na injini zikiwaka, kukataza sigara na simu, na kumvuta kijana mwenye dumu kwa jina lake kabla hajafika mtaroni. Polisi asiyemjua atamfukuza naye atarudi. Akiambiwa na mjomba wake, au na mama aliyemlea, anasikia. Nimewaomba viongozi wa dini wa maeneo hayo walisemee hili misikitini na makanisani, na wengi wamekubali.

Moto ukishazimwa wengi huondoka, na kikundi kinaanza zamu ndefu. Vitu vilivyotolewa nje, televisheni, mashine ya cherehani, magunia ya uwele, vinatoweka mbele ya macho ya watu, kwa sababu kibaka aliyebeba kochi haonekani tofauti na jirani aliyebeba kochi. Tunaweka vitu vyote sehemu moja, watu wawili wanavilinda, na hakuna kinachotoka bila mwenyewe. Mtu mwingine anabaki na ndoo mpaka asubuhi, maana mbao za paa huendelea kufuka chini ya mabati na kuwaka upya usiku.

Kisha inakuja karatasi. Familia iliyounguliwa inahitaji barua ya mtendaji, taarifa ya polisi ya upotevu, kitambulisho cha NIDA kipya, vyeti vya watoto, kadi ya kliniki. Mtu aliyelala nje jana hana nguvu ya kupanga foleni ofisi nne. Kwa hiyo katika kila kikundi kuna mwanachama mmoja, mara nyingi mwalimu aliyestaafu au katibu wa kikoba, ambaye kesho yake asubuhi anakaa na familia, anaorodhesha kila hati iliyoungua, na anakwenda nao dirisha hadi dirisha mpaka hati ya mwisho ipatikane.