Banda zuri la kulaza farasi: mnayoniambia na yaliyo kweli

"Daktari, nimempatia banda safi kabisa, hatoki nje hata kidogo." Wenye farasi wa Karen, Lang'ata na Ngong huniambia hivi kwa fahari, kana kwamba kufungiwa ndani ndiyo huduma wanayoilipia kila mwezi. Nimechoka kuisikia, kwa sababu naona inavyowaumiza farasi.

Ukweli ni huu. Farasi aliye malishoni hula kwa takriban saa 16 kwa siku, hatua mbili hapa, hatua tatu pale. Tumbo lake ni dogo, lita 8 hadi 15 tu, na hutoa asidi mchana na usiku, awe anakula au hali. Akitafuna nyasi, mate humiminika na kupunguza makali ya ile asidi. Hori likikaa tupu kwa saa nyingi, asidi huanza kuchoma ukuta wa tumbo na vidonda hutokea. Utumbo mpana nao unahitaji atembee. Farasi anayesimama kutwa nzima kwenye chumba cha mita nne kwa nne, akila nyasi kavu na kunywa maji kidogo, kinyesi chake hukauka na kuziba njia. Hawezi kutapika, kwa hiyo hana pa kupunguzia. Hapo ndipo ninapopigiwa simu saa nane za usiku: msokoto wa tumbo.

Kisha kuna yale mnayoyaita tabia mbaya. Anang'ata ukingo wa mlango na kuvuta hewa, au anayumba kushoto na kulia bila kukoma. Anafungwa mkanda shingoni ili aache. Jamani, huo si ukaidi! Ni mnyama wa kundi aliyetengwa na wenzake na kunyimwa mwendo. Mpeni mchana malishoni pamoja na mwenzake kabla ya kununua mkanda.

Na hilo neno "safi" mlipime kwa pua. Ingia bandani, piga magoti, weka uso wako juu ya maranda pale anapolala farasi. Mkojo ukikuchoma macho, ujue mapafu yake yanachomwa hivyo usiku kucha, hata kama sakafu imefagiliwa na mlango umepakwa rangi jana. Hewa ipite, hata kama ni baridi ya Julai. Farasi mwenye afya huvumilia baridi kuliko hewa iliyofungiwa.

Usiku, hata hivyo, aingie ndani. Visubi, wale wadudu wadogo sana wanaofyonza damu, ndio wanaoeneza ule ugonjwa wa virusi wa farasi tunaouita AHS (African horse sickness), nao huuma zaidi kuanzia machweo hadi macheo, hasa misimu ya mvua. Banda zuri huwatoa farasi jua likishachomoza, huwarudisha kabla halijazama, na madirisha yake yana wavu wenye matundu madogo sana.

Hapo huja jibu la pili: "Nimeshamchanja." Vizuri, na mchanje tena kila mwaka. Lakini virusi hivi vina aina 9, na chanjo haizibi kila mwanya. Punda milia hubeba virusi bila kuonyesha dalili, na Mbuga ya Nairobi ni jirani yenu. AHS ikishika mapafu, farasi wachache sana hupona. Wengine hukataa farasi wao kulazwa karibu na aliyewahi kuugua. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kugusana, mwogopeni kisubi.

"Wampe nafaka nyingi anawiri." Hapana. Nyasi kwanza: farasi wa kilo 450 anahitaji kilo 7 hadi 9 za nyasi kavu kwa siku, na nyasi za Boma Rhodes nzuri zisizo na ukungu zinatosha wengi wanaofanya kazi nyepesi. Nafaka isizidi kilo 2 kwa mlo mmoja. Wanga ukizidi huchachia kwenye utumbo mpana, kisha kwato huwaka moto na farasi hawezi kukanyaga.

"Asinywe maji akiwa na jasho." Anywe. Kumnyima ndiko kunakomdhuru.

Mkitafuta banda, nendeni saa moja jioni bila kutoa taarifa. Angalieni kama hori lina nyasi za usiku na ndoo ina maji. Ulizeni saisi (mtunza farasi) mmoja anatunza farasi wangapi, na kama ana ruhusa ya kumwita daktari bila kumsubiri mwenye banda. Kisha mwulizeni farasi fulani ametoa kinyesi mara ngapi leo. Wa kawaida hutoa mara 8 hadi 12. Saisi akijibu papo hapo na kuongeza kwamba asubuhi kilikuwa kikavu kidogo, mlazeni farasi wenu hapo, hata kama milango ni ya mabati.