Mti mkavu si lazima uwe kifo: dhana potofu kuhusu miti kwenye michoro ya mandhari

Dhana: Mti mkavu ni ishara ya kifo.

Ukweli: Dhana hii imeenea sana, na inawanyima watazamaji mengi. Chukua Mti Mpweke, mchoro wa Mjerumani Caspar David Friedrich wa mwaka 1822. Mwaloni umesimama kwenye uwanda, kilele chake kimekauka. Ukiishia hapo utaona msiba. Teremsha macho: matawi ya chini yana majani, na mchunga kondoo ameegemea shina huku kundi lake likilisha. Mti umezeeka, umepigwa na dhoruba, na bado mtu anapata pa kuegemea. Nchini China nako, kwa karne nyingi wachoraji wametumia msonobari mkongwe uliopinda kumwakilisha muungwana asiyeyumbishwa na dhiki. Makovu yake ndiyo heshima yake.

Dhana: Kila aina ya mti ina maana moja.

Ukweli: Msaipresi, mti mrefu mwembamba, umehusishwa na makaburi Ulaya tangu enzi za Warumi, basi wengi wakiuona kwenye kazi za mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh huamua papo hapo kwamba aliwaza kufa. Barua yake ya Juni 1889 kwa nduguye Theo inasema jingine: miti hiyo inamshughulisha, mistari yake inapendeza kama mnara wa kale wa Misri, na anashangaa kwamba hakuna aliyewahi kuichora jinsi yeye anavyoiona. Hayo ni maneno ya mtu aliyevutiwa na umbo. Na katika ushairi wa Kiajemi, msaipresi ni mfano wa kimo kizuri cha mpenzi.

Dhana: Mchoraji hunakili tu miti aliyoikuta.

Ukweli: Mholanzi Jacob van Ruisdael alichora makaburi ya Wayahudi ya Ouderkerk miaka ya 1650. Makaburi ni ya kweli. Magofu na mti uliokufa aliviongeza mwenyewe.

Dhana: Kila mti una fumbo.

Ukweli: Hapana. Mchoraji Mfaransa Claude Lorrain aliweka miti yenye giza pembeni ili jicho livutwe kwenda mbali. Mfaransa mwenzake Claude Monet naye, mwaka 1891, alifuata mwanga kwenye miti ya mipopla ya kando ya mto Epte, Ufaransa. Miti hiyo ilipotangazwa kuuzwa, alichangia bei na mfanyabiashara wa mbao ili isikatwe kabla hajamaliza kuichora.